Sahihi za Marehemu

Jumamosi ya harambee, Puring alifunga saluni yake saa nne asubuhi, akabandika karatasi mlangoni kuwaambia wateja kwamba leo yuko uwanjani, kisha akatoka na ndoo ya punje za mahindi mkono mmoja na sanduku la vipodozi mkono wa pili. Punje zilikuwa za kufunikia namba kwenye kadi za bingo. Sanduku alilichukua kwa mazoea tu. Kwa miaka arobaini hakuwahi kwenda kwenye shughuli yoyote ya Santa Leocadia, iwe harusi, iwe msiba, asiombwe kumtengeneza mtu uso.

Alibatizwa Porfirio, ila katika mji ule mdogo wa kisiwa cha Panay jina hilo lilikuwa limebaki kwa watu wawili tu: karani wa kodi na ndugu yake mkubwa, Crisanto. Wengine wote walimwita Mama Puring. Alikuwa na miaka sitini na mitano, magoti mabovu, na nyusi alizozichora kila alfajiri kabla hata ya kunywa kahawa.

Harambee ilikuwa ya filamu. Jovelyn, binti wa muuza mchele, yule aliyekata nywele kama kuruta na kuendesha pikipiki tangu akiwa shuleni, alikuwa amerudi nyumbani na kamera ya kuazima. Alitaka kutengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu mashoga wa Santa Leocadia tangu enzi za babu zao. Hakutaka wafadhili wa mbali, wa kumwambia alie wapi na acheke wapi. Kwa hiyo wakaandaa bingo kwenye uwanja wa mpira wa kikapu ulioezekwa mabati, zawadi kubwa ikiwa gunia la mchele na feni ya kusimama, na watu wakaja wengi, maana mji ule haukuwa na jambo jingine la kufanya Jumamosi.

Saa tisa alasiri, mchezo wa nne ulipokwisha, marehemu waliingia.

Walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga mstari mmoja, na viatu vyao vilikuwa na tope kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha kule makaburini nyuma ya shule. Wote walivaa vile walivyozikwa: barong, yaani lile shati jepesi la sherehe la wanaume, na suruali nyeusi, nywele zimekatwa fupi na kupasuliwa upande wa kushoto. Watu walisogea kuwapisha. Manung'uniko yaliyosikika yalikuwa ya viti, kwamba waandaaji walijua shughuli ni kubwa na bado wakaazima viti mia moja tu. Muuza ndizi za kukaanga aliwauliza kama wanakula. Wawili wakasema wangependa kunusa, akawapa mbili bure. Jovelyn alibadilisha betri ya kamera.

Aliyetangulia alikuwa Chabeng. Huyo alibatizwa Isabelo, na figo ndizo zilizomwua mwaka tisini na nne. Kwa miaka ishirini na miwili alishona majoho ya sanamu ya Bikira kanisani, na magauni ya mabinti wote waliotembea katika maandamano ya maua ya mwezi Mei. Dada yake, Consorcia, alikuwa pale pale akicheza kadi tatu kwa mpigo. Alipomwona aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni.

"Kaa hapa, kaka," alimwambia. "Umekonda."

Chabeng alimshukuru lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya Puring, akamtazama juu mpaka chini.

"Shoga, umezeeka."

"Na wewe wamekunyoa vibaya," Puring akamjibu.

"Waliita kinyozi wa mji wa pili. Walijua wakikuita wewe utanitengeneza nifanane na mimi."

Akaeleza shida yao. Habari za filamu zilikuwa zimewafikia, nao walikuwa na maneno ya kusema mbele ya kamera. Ila wasingeweza kuyasema na sura zile, maana nani angejua ni akina nani? Puring alifungua sanduku. Akaomba kiti cha plastiki, ndoo ya maji na taulo, akaanza na Chabeng, na wengine wakajipanga nyuma yake kama wateja wa mkesha wa Krismasi.

Kazi haikuwa ngumu. Ngozi ya marehemu ni kavu na inashika poda vizuri. Nywele zilifuata kitana: alipokishusha hadi sikioni zilifika sikioni, alipokishusha hadi begani zilifika begani, na alipofika kwa yule wa saba, aliyetaka za kiunoni kama zamani, ilimbidi apige magoti, nayo magoti yakamlaumu. Mchezesha bingo aliendelea kutaja namba. Mwalimu wa hesabu akashinda feni.

Kisha Jovelyn akawasha kamera, na Chabeng, nywele zake zimejaa mabegani, wanja umekaa sawa, akasimulia mambo ya mwaka sabini na nne.

Alisimulia bila haraka. Ilikuwa enzi za amri ya kutotembea usiku. Jumapili moja, misa ya pili ilipotoka, wanajeshi walisimamisha lori mbele ya kanisa na karatasi mkononi. Walisoma majina. Kila aliyesomwa alikalishwa ngazini na kunyolewa hadi kichwa king'ae, waumini wakiwa wamesimama na vitabu vyao vya sala. Mei iliyofuata, waumini wale wale wakamletea Chabeng vitambaa awashonee magauni ya maandamano, naye akashona, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Karatasi ile iliandikwa na katibu wa mtaa," alisema. "Mwandiko wake tuliujua, ndiye aliyetuandikia vyeti vya makazi. Tulikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hakumwandika, kwa sababu ni ndugu yake."

Puring alikuwa amesimama pembeni na brashi, akisubiri kumgusia shavu. Hakuna aliyegeuka kumtazama, wala kumtazama Crisanto, aliyekuwa ameegemea nguzo ya uwanja, mikono nyuma. Mwaka ule Crisanto alikuwa na miaka ishirini na mitano na ndiye aliyekuwa katibu wa mtaa. Sasa alikuwa amestaafu, lakini mji mzima ulikuwa bado unampelekea karatasi zake azisome.

"Nilikutafuta kwenye umati," Chabeng akamwambia Puring, kamera ingali inarekodi. "Nikakuona. Ulikuwa unacheka."

"Nilicheka," Puring akasema.

"Kila mtu alicheka. Hebu ongeza poda hapa."

Akaongeza. Miaka arobaini na mitano alikuwa amejua ni nani aliyeandika ile karatasi, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akimpelekea Crisanto supu kila anapougua.

Marehemu wote kumi na mmoja walizungumza, mmoja baada ya mwingine, hadi kadi za bingo zikaisha. Jovelyn akawapa fomu za ridhaa, wakatia sahihi, wengine kwa majina ya ubatizo na wengine kwa majina yao. Hapo Crisanto alisogea. Alivaa miwani, akazipitia fomu moja moja, akasifu miandiko. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesaidia, kwamba kwa bahati mbaya sahihi ya marehemu haisimami. Marehemu hawezi kuridhia jambo. Anayeridhia kwa niaba yake ni ndugu yake wa karibu aliye hai. Jovelyn akampigia simu mwanasheria anayemfahamu, na mwanasheria, bila kuuliza maswali mengi, akasema mzee yuko sahihi.

Ndugu wa karibu wote walikuwa pale uwanjani. Hakuna aliyefoka. Mmoja alisema ana binti anayetarajia kuolewa. Mwingine alisema atamwuliza mumewe, na mumewe alikuwa ameketi kando yake akitikisa kichwa. Consorcia alimletea kaka yake sahani ya tambi za kukaanga kwanza, ndipo akamjibu Jovelyn.

"Simkatazi kuja. Aje hata kila siku, sahani yake ipo. Lakini kwenye sinema, na nywele zile, hapana. Mama yetu alikufa akijua ana mtoto kapera, mcha Mungu. Nani atamfuata kumsahihisha?"

"Mama nimemkuta kule," Chabeng akasema. "Anajua."

"Basi inatosha ajue yeye," Consorcia akasema, akamsogezea ndimu.

Marehemu hawakubishana. Walikuwa na familia zile zile walipokuwa hai. Jua lilipoanza kuzama, nywele zikaanza kupukutika, wakapanga mstari wakarudi walikotoka. Puring alibaki akifagia. Zilijaza magunia mawili.

Wiki iliyofuata Jovelyn alikuja saluni. Hela za harambee zilitosha, alisema, ila filamu haikuwa na mtu. Wote wangelazimika kufunikwa ukungu usoni na sauti zao kufutwa. Katika wale kumi na wawili alikuwa amebaki mmoja tu aliye hai wa kujitilia sahihi mwenyewe.

"Sema wewe, Mama Puring. Sema nani aliandika. Chabeng alishasema, wewe rudia tu."

Puring alimkalisha kwenye kiti, akamzungushia taulo shingoni ingawa hakuja kunyolewa. Kamera ilikuwa juu ya meza, taa yake nyekundu inawaka. Alifikiria ngazi za kanisa, na jua la siku ile, na kichwa chake mwenyewe chenye nywele. Aliyekupiga unaweza kumchukia ukamaliza. Aliyekuokoa wewe peke yako huna la kumfanya.

"Mwaka ule nilikuwa mgonjwa," alisema. "Sikutoka nje. Niulize habari za magauni."

Jovelyn akamwuliza habari za magauni.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa kumi na moja kwenye ukumbi wa shule, saa kumi jioni. Ilikuwa ya dakika thelathini na nane. Puring alionekana akieleza jinsi ya kutia shanga kwenye joho la Bikira, kisha akaonekana akichana ukungu, ukungu mmoja hadi mwingine, kumi na mmoja, kimya kabisa, na kwa mbali sauti ya mtu akitaja namba za bingo. Watu walipiga makofi. Marehemu walikuwa wamekuja, wamesimama ukutani nyuma ili wasichukue viti. Chabeng alimwambia Puring kwamba zile shanga zimetoka vizuri. Tangu siku ile huja saluni Jumamosi, yeye na wenzake, huchanwa, hujitazama kwenye kioo hadi magharibi, huondoka. Consorcia humtuma mtu na sahani.

Kesho yake baada ya filamu, Crisanto alipita saluni akitoka misani. Alibeba mfuko wa machungwa. Alisema filamu ilikuwa nzuri, ya heshima, haikumvunjia mtu jina. Aliketi, akamenya chungwa, akampa ndugu yake nusu. Halafu akatoa mfukoni futi kamba ya fundi cherehani.

Alieleza kwamba kuna fundi mzuri mjini Iloilo, anashona barong za nyuzi za nanasi, si zile za kukodi walizozikwa nazo akina Isabelo. Yeye ataagiza mbili, yake na ya Porfirio, zikae tayari kabatini, maana umri umekwenda.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," alisema. "Wewe una mtu. Mimi ndiye ndugu yako wa karibu."

Puring alipangusa mikono kwenye aproni, akasimama.

"Inua mikono," Crisanto akasema.

Akainua.