Chumvi kwenye Chupa ya Kantengwa

Kabla Kantengwa hajaja, dawa ya kahawa katika maabara ndogo ya chama cha wakulima wa Kituntu ilikuwa kazi ya Auleria. Alitengeneza chembe za shaba ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, akazitia majini ili zipulizwe kwenye majani yenye ugonjwa wa kutu. Lakini chembe zilishikana, zikawa mabonge, zikatuama chini ya chupa na kuziba mabomba. Alihangaika nazo misimu kadhaa.

Kantengwa, binti wa kijiji cha Mabira, alitoka chuoni akayavunja mabonge kwa mashine ile ile ya mawimbi ya sauti aliyokuwa akiitumia Auleria. Ila yeye alitia gundi ya mgunga, ikaivika kila chembe isishikane tena na mwenzake. Chupa ikakaa rangi moja juu hadi chini. Mzee Apolinary, mwenyekiti wa chama, akaanza kuiita dawa ya Kantengwa.

Jina hilo lilimchoma Auleria. Kila Kantengwa alipocheka na wakulima kwa Kinyambo, lugha ya huko, yeye aliona anachekwa.

Ilipokaribia siku ya kupulizia kibanja cha kahawa cha mzee Apolinary, Auleria alisubiri wenzake waende kula mchana. Akafungua chupa ya Kantengwa, akamimina chumvi ya mezani, akakoroga. Alijua chumvi hushikanisha chembe. Maji ya chumvichumvi ya kisima kimoja cha kijiji cha Kamuli yaliwahi kumharibia dawa yake mwenyewe. Akangoja mabonge.

Hayakuja. Hata siku ya kupulizia, bomba halikukwama.

Wakulima walipokuwa wakipongezana, mama mmoja wa Kamuli, Stephania, aliuliza kama dawa hiyo itakubali maji ya kisima chao. Kantengwa alimjibu kwamba hajaijaribu kwa maji ya chumvi, hivyo wasubiri msimu ujao. Stephania akasema kahawa yao haitafika msimu ujao, majani yanapukutika.

Auleria alisikia yote. Jibu alikuwa nalo yeye peke yake.

Wakiwa njiani kurudi, alisema, "Maji ya Kamuli itayakubali."

"Unajuaje, dada?"

"Nilitia chumvi kwenye chupa yako. Nilitaka uaibike."

Walipita migomba, wakapita kanisa, wakafika barabarani.

"Chumvi kiasi gani?" Kantengwa aliuliza hatimaye.

Auleria akamweleza. Juma lile walirudia jaribio pamoja kwa maji yaliyochotwa Kamuli, wakipima kila kitu, bila maneno yasiyo ya kazi. Chembe hazikushikana. Stephania na majirani zake walipata dawa mapema, na Auleria ndiye aliyetumwa kuwaonyesha namna ya kuipulizia.

Kantengwa hakumshtaki kwa mwenyekiti. Alinunua kufuli, akafunga kabati la chupa, ufunguo akauvaa shingoni. Kila asubuhi Auleria huuomba, naye humpa bila kumtazama.