Uzi wa Timazi

Baba alikuwa anabomoa ukuta ulionyooka. Ulikuwa wa chumba changu, ameumaliza juzijuzi tu, naye aliupiga nyundo akilalamika kwamba umetoa tumbo katikati. Mama akachukua timazi ya kupimia wima akaining'iniza. Uzi ulishuka sambamba na ukuta. Baba akasema uzi nao umepinda.

Tulicheka. Fundi mwashi kugombana na timazi! Tangu utoto alivaa miwani minene kama kitako cha chupa. Sura yangu ni ya mama, lakini macho nilirithi kwake. Kila yalipomsumbua alibadilishiwa lenzi, yakatulia. Basi safari hii pia alingoja miwani mipya, na ilipokuja bila kusaidia, akaagiza minene zaidi. Ndiye yuleyule aliyezoea kuwaambia wenye nyumba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Alipofika kwa daktari wa macho, doa jeusi lilikuwa limekaa katikati ya kila alichokitazama, na jicho la pili limefuata la kwanza. Daktari alieleza taratibu: macho ya namna yake hurefuka, utando wa nyuma ukakonda, vimishipa vikachipua na kuvuja damu. Sindano ingezuia uvujaji. Kovu lisingefutika.

"Ungekuja siku ile ukuta ulipopinda," alisema.

Nyumbani baba aliupapasa ukuta alioujenga upya. Akaning'iniza timazi, akafuata uzi kwa vidole toka juu hadi chini. Huu ulikuwa umepinda kweli. Aliketi juu ya mfuko wa saruji akalia, nasi tukamwacha alie.

Timazi aliifunga dirishani kwangu. Kila asubuhi niliziba jicho moja nikatazama uzi, kisha nikaziba la pili. Nilipoolewa nilihama nayo. Akipiga simu, salamu zilikuja baadaye.

"Uzi?"

"Umenyooka, baba."

Miaka ilipita. Asubuhi moja jicho la kushoto liliuona umejikunja kidogo, katikati tu. Sikuugusa. Nilitoka hivyohivyo, chai ikabaki mezani, na sindano zikaniwahi. Leo uzi umenyooka.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia baba. Alifurahi mno, akanishika mashavu kwa viganja vyake vigumu, kisha akageuza uso pembeni, kwa sababu akimtazama mtu usoni humpotea. Alinitazama sikioni. Mimi nilimwona wote, mvi za nyusi, machozi, mpaka alama ya nyundo kidevuni.

"Bado unafanana na mama yako?" aliuliza.

Nikamwambia bado.