Chupa ya Mwisho ya Kimeng'enya

Fundi wa maabara alidondosha dawa ya kupimia kwenye mrija wa nne, akasubiri rangi ya njano, ishara kwamba kimeng'enya kipo. Maji yalibaki maangavu vilevile.

Maji hayo yalitoka kwenye chupa ya mwisho. Bakteria waliokitengeneza kile kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa walikufa jokofu lilipoharibika, na Bi Mkubwa, mkuu wa maabara, alikuwa amelazwa, kafanyiwa upasuaji wa goti. Alipoondoka alimkabidhi chupa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii ndiyo miaka yangu miwili. Nitunzie."

Fundi naye, kwa kimbelembele chake, aliona ina ukungu, akaichuja. Nani alimtuma? Hakuna. Usafi tu, ule wa kumponza mtu.

Akampigia Bi Mkubwa simu.

"Shikamoo, Mama. Nimeharibu. Nimeichuja, sasa hamna kitu humo. Nimepima mara nne."

"Marahaba. Umechujia nini?"

"Karatasi ya kuchujia."

"Karatasi imetengenezwa kutokana na nini?"

"Selulosi," alijibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, kisha akashika kichwa. Kazi yote ya miaka miwili ilikuwa kukiunganisha kimeng'enya na mkia wa protini wa kung'ang'ania selulosi, ili kikae kwenye pamba, ambayo nayo ni selulosi, maziwa yapite, chenyewe kibaki. Yeye kakipitisha kwenye karatasi, halafu anashangaa hakikupita.

"Iko wapi hiyo karatasi?"

"Kwenye pipa, Mama."

"Kaitoe basi. Una bahati siwezi kutembea, ningekuja kukuchapa."

Aliipata imekunjamana kati ya glavu zilizotumika. Akaisuuza mara tatu, makusudi, roho juu, kisha akadondosha dawa. Doa la njano likaanza katikati, likatambaa hadi ukingoni. Akakaa sakafuni.

"Mbona kimya?" Sauti ya Bi Mkubwa ilitetemeka. Kumbe utani wote ule ulikuwa wa kujikaza.

"Ni njano, Mama. Nimeisuuza mara tatu, kimeng'enya kimekataa kutoka."

Kwenye simu zikasikika kwikwi za kilio. Fundi naye machozi yakamtoka, hakujali kuyafuta.

"Chupa ile niliogopa hata kuifungua, mwanangu," alisema Bi Mkubwa. "Nilihofu mkia haushiki, nikaona heri nije hospitali bila kujua."