Yule Mwingine wa Buleusa

Lori la Jérôme lilikutwa ng'ambo ya Pinga, milango iko wazi, viti vimeloa mvua. Maiti ya dereva ilikuwa kando ya barabara, wapita njia wakaizika hapo hapo. Jérôme mwenyewe hakuonekana, wala kiatu chake hakikuonekana. Ulikuwa ule mwaka ambao kila kukicha kundi jipya lenye bunduki lilishuka kutoka mlima mwingine, na watu wa Mweso walishachoka hata kuuliza hawa wa leo wanaitwa nani.

Mkewe, Kavugho, alisubiri. Wote wawili walikuwa Wanande wa Butembo waliokuja Mweso kufanya biashara ya vitenge, sabuni na taa za sola. Jérôme ndiye aliyekuwa akipeleka bidhaa mpaka Buleusa na Walikale na kurudi na mafuta ya mawese. Safari ile ya mwisho aliondoka alfajiri wakati Kavugho yuko hospitalini na mtoto wao Lévi, ambaye kifua kilikuwa kimembana. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika siku hiyo. Hawakuagana.

Miezi ikapita. Padri akaja kuuliza kama asome misa ya marehemu. Kavugho akamwambia, "Padri, nitalia juu ya nini? Mwili uko wapi?" Wasingeweka matanga ya mtu ambaye hawakumwona. Padri akaondoka.

Badala ya kulia, Kavugho akaandika. Zamani, walipokuwa na safari moja Goma, Jérôme alikuwa amefungua visanduku viwili vya imeli, kimoja chake na kimoja cha mkewe, akifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ni bure kabisa, Mama Lévi! Hata stempu haihitajiki." Toka siku ile walizoea kuandikiana, yeye akiwa Walikale na mkewe Mweso. Humo ndimo zilimokuwa picha za harusi, picha za ubatizo wa Lévi, hata karatasi za kiwanja walizozipiga picha ili vita visizichome. Kavugho aliona kuwa kitu kilichowekwa humo kiko mahali ambapo askari hafiki.

Basi kila siku ya soko, alasiri, alikwenda kwa Bienvenu, kijana mwenye chumba cha intaneti karibu na njia ya Kitshanga, akakaa mbele ya mashine ya pembeni na kumwandikia mumewe. Alimweleza kikohozi cha Lévi. Alimweleza jinsi walivyokimbia risasi mpaka parokiani na kurudi. Alimweleza kwamba amechimba shimo chini ya jiko la nyumba yao ya shambani na kuficha humo vitenge vizuri na taa zote, na hakuna mwingine ajuaye. Na siku moja, kwa kuwa jambo lile la kutoagana lilimchoma, aliandika kana kwamba waliagana: "Nakumbuka ile asubuhi nilikupatia chai, ukanishika mkono mlangoni, ukacheka." Chini aliweka jina ambalo Jérôme alimwita chumbani kwa sababu ya maneno yake mengi: Kasuku wako.

Kuna kipindi barua hizo zilianza kumrudia, na maneno ya Kifaransa kwamba adresi hii, anwani ya Jérôme, haipo. Hakujali. Aliandika tu. Baada ya muda hazikurudi tena, naye akafurahi, akadhani mashine imepona, akamwandikia yote upya, shimo, chai na Kasuku.

Siku alipojibiwa, mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu na Bienvenu alikuwa amesimama mlangoni akitazama matope. Kwenye kioo palikuwa na jina la Jérôme, kwa herufi nyeusi nzito, kama linavyokaa jina la mtu aliyeandika sasa hivi. Ndani palikuwa na mstari mmoja.

"Kasuku wangu, niko."

Kavugho hakupiga kelele. Alifunika mdomo kwa kitenge na kukaa hivyo hivyo mpaka Bienvenu akageuka na kuuliza, "Mama Lévi, uko muzima?" Akaitikia kwa kichwa. Akaandika: uko wapi, nani amekushika, unakula nini? Jibu likaja kabla mvua haijakatika. Alikuwa Buleusa, kwa wakulima waliomwokota msituni. Mguu ulikuwa umeumia. Asimwambie mtu yeyote, kwa sababu wale waliomteka bado walikuwa wanamtafuta.

Wiki zile Kavugho alitembea kama mtu aliyebeba moto kifuani. Dukani aliwachekea wateja, kisha akageukia rafu na kulia kidogo kwa furaha. Hakumwambia hata Lévi. Barua zilikuja, tamu, zenye upole. Kikohozi cha mtoto kimeisha? Bado mnakimbilia parokiani risasi zikilia? Na hatimaye akamwita aje: "Kuya Buleusa, Kasuku. Kuya na mutoto. Usichelewe."

Akaanza kufunga mizigo. Alikuwa ameshapata hata mtu wa pikipiki wa kuwafikisha Pinga. Akaenda kwa Bienvenu mara moja ya mwisho, kumwambia mumewe siku ya kuondoka, akakuta barua imemtangulia.

"Huku baridi ni nyingi. Nikilala nakumbuka ile asubuhi. Ulinipatia chai, nikakushika mukono mulangoni, nikacheka."

Kavugho alisoma, akasoma tena. Asubuhi ile haikuwepo. Hapakuwa na chai wala mlango. Yeye alikuwa amekaa sakafuni hospitalini, mgongo ukutani, Lévi mapajani. Hakuna mtu duniani aliyeikumbuka asubuhi ile isipokuwa mtu aliyeisoma.

Akarudi nyuma kwenye barua zote, moja baada ya nyingine, akaona jambo ambalo furaha ilikuwa imemficha. Juu ya maisha yao hapakuwa na hata neno moja ambalo si yeye aliyeliandika kwanza. Kikohozi kilikuwa chake, parokia ilikuwa yake, jina la Kasuku alilitoa yeye mwenyewe. Kwa miezi hiyo yote alikuwa amesema na shimo, na shimo lilikuwa linamrudishia sauti yake, safari hii ikiwa na sauti ya mwanamume.

Akaandika: "Ile asubuhi sikukuwa nyumbani. Nilikuwa wapi?"

Alingoja. Kisha likaingia jibu.

"Basi niambie ulikuwa wapi. Wewe ndiye unaniambiaka kila kitu."

Kiti kilianguka alipoinuka. Bienvenu alikuja mbio, akasoma kioo, akamwuliza mambo mawili matatu kuhusu zile barua zilizokuwa zikirudi. Kisha akakaa chini polepole.

"Mama Lévi," alisema, "hii sanduku ni ya bure. Muntu akikaa wakati murefu bila kuifungua, benye kampuni banaifuta, na jina banaliacha wazi. Muntu mwingine anaweza kulikamata kama vile unakamata nyumba yenye benyewe balihama. Barua za zamani za Papa Lévi, huyo mupya hakuziona. Lakini zote uliandika kisha pale, wewe ulimutumia yeye."

"Yeye nani?"

"Sijue. Anaweza kuwa Goma. Anaweza kuwa Buleusa kweli. Anaweza kuwa nyuma ya hii nyumba."

Kavugho alikimbia mpaka shambani na viatu mkononi. Jiko la nyumba ile lilikuwa limesogezwa ukutani kwa utaratibu, mawe yake matatu yamepangwa vizuri upande mmoja. Shimo lilikuwa tupu na limefagiwa. Kilichomtisha si kuibiwa. Mweso nzima ilikuwa imeibiwa. Ni ule utulivu. Waliokuja hawakuvunja mlango, hawakuchimba mahali pengine popote. Walikwenda moja kwa moja, kama watu wa nyumbani.

Usiku huo yeye na Lévi walilala kwa jirani. Kesho yake akarudi kwa Bienvenu akitaka kufunga sanduku lake na kutoa picha zake. Mashine ikakataa neno lake la siri. Bienvenu akajaribu hivi na vile, kisha akashusha mikono.

"Siku ya kuifungua, Papa Lévi aliweka adresi yake kama ya kukusaidia ukisahau neno la siri. Kwa hiyo mwenye ile yake anaweza kuomba funguo ya hii yako, na banamupatia. Amebadilisha. Sasa we uko inje, yeye iko ndani."

"Na picha zangu?"

"Ziko kule kwake."

"Tuandikie benye kampuni."

Waliandika. Wakajibiwa na mashine, kwa adabu nyingi, kwamba athibitishe yeye ni nani kwa kutumia adresi ya Jérôme.

Simu kutoka Butembo ilikuja siku chache baadaye. Alikuwa Kétsia, dada mdogo wa Jérôme, anacheka na kulia kwa pamoja. "Wifi! Kwa nini hukutuambia mapema? Mama anaimba toka asubuhi!"

"Kukuambia nini, Kétsia?"

"Si umetuandikia! Kwamba ulifika Buleusa, kwamba uko na kaka! Umetuma na picha, yeye na wewe na Lévi mumevaa nguo nyeupe."

Ilikuwa picha ya ubatizo. Kavugho akakaa chini pale pale barabarani. "Kétsia, sikia. Mimi niko Mweso. Sijafika Buleusa."

"Lakini," sauti ya Kétsia ilisema taratibu, "uliandika leo tena."

Kavugho alifunga duka, akamshika Lévi, wakashuka Goma na kupanda kupitia Rutshuru na Kanyabayonga katika malori ya Wanande wenzao, mpaka Butembo. Alijua kwamba jambo kama lile halisemwi kwenye simu. Watu walipaswa kumwona kwa macho. Alipoingia uani, mama mkwe wake, Mama Verdiane, alikuwa amekaa kwenye jua anachambua maharagwe. Mzee alimtazama yeye, akamtazama mjukuu, akawakumbatia wote wawili kwa nguvu. Kisha akatazama nyuma yao, kwenye mlango.

"Mama," Kavugho alisema akipiga magoti, "wanatudanganya. Mimi siko Buleusa. Jérôme hayuko Buleusa. Ni mwizi ameingia ndani ya majina yetu."

Mama Verdiane alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mwenye akili, aliyeuza chumvi na samaki wa chumvi maisha yake yote, hakuwahi kudanganywa na mizani. Akaokota jiwe katikati ya maharagwe, akalitupa.

"Wewe uko hapa," alisema. "Naona, na nashukuru Mungu. Lakini yule mwingine iko na mutoto wangu."

"Mama, hakuna mwingine."

"Unataka anifie mara ya pili? Kétsia! Soma."

Kétsia alisimama na simu yake mkononi, uso umepauka, akimtazama wifi yake kama anayeomba ruhusa. Akasoma. Na Kavugho, aliyekuwa amekusudia kuziba masikio, alijikuta anasikiliza. Maana yule alikuwa ameandika vizuri, kwa maneno mengi, kwa kurukaruka, kama Kavugho mwenyewe anavyoandika. Walikuwa wamelima muhogo. Mguu wa Jérôme ulikuwa unapona. Jioni alikuwa anamfundisha Lévi kutega panya wa msituni, na mtoto hakukohoa tena. Noeli watakuja Butembo, chumba kiandaliwe. Kétsia aliponyamaza, Kavugho alitaka kusema: endelea. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Ndipo alipoogopa kuliko siku zote.

Akamshika Kétsia pembeni. "Usijibu tena hata mara moja. Kila unachomwambia anakuwa sisi zaidi." Kétsia akakubali. Kwa siku kadhaa Mama Verdiane aliomba asomewe, naye Kétsia akasema mtandao haupo. Mzee hakugomba. Alitandika tu kitanda cha chumba cha nyuma kwa shuka mpya, na kila asubuhi alikigusa kwa kiganja kama kina joto.

Noeli ikafika. Walitoka misa, wakapika kuku na ndizi. Kavugho alifunga lango kwa kufuli, na kila gari liliposimama mtaani aliinuka kuchungulia, kwa kuwa hakujua ni nani angeweza kugonga akisema, "Ni sisi." Mama Verdiane alipanga meza mwenyewe. Upande wa dirishani aliweka sahani mbili, moja karibu na nyingine, akaifunika kila moja kwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyethubutu kukaa pale. Walikula, na vile vitambaa vilikaa, na mchana ukaanza kugeuka.

Ndipo Kavugho aliponyanyuka. Alizunguka meza, akafunua sahani ya pili, akajipakulia na kuanza kula. Alikula, tonge kwa tonge, mbele ya macho ya mama mkwe wake.

Mama Verdiane alimtazama. "Ni wewe umefika?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Hakuna mwingine aliyebaki njiani."

"Na Jérôme?"

Kavugho alitazama ile sahani ya pembeni yake, ambayo bado ilikuwa imefunikwa. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulisema, si kwa padri, si kwa Lévi, wala kwa ile mashine.

"Jérôme alikufa, mama."

Mzee alikunja mikono kifuani. Sauti ilianza chini sana, kama mtu anayeng'oa mzizi, kisha ikapanda, na Kétsia akaipokea, na Kavugho akaipokea, mpaka majirani wakaanza kufungua malango yao na kuingia uani na mikeka, bila kuuliza. Watu walikaa matanga mpaka mwaka mpya.

Kétsia alitupa ile adresi yake, wala hakufungua nyingine. Lakini binamu zao wa Beni na mteja mmoja wa Kitshanga wanasema barua bado zinakuja mara kwa mara. Wanasema kule Buleusa Kavugho ameshika mimba.