Mwalo Uliopita Ndani ya Nyumba

Usiku wa jana Luhende aliota, na kwa kuwa ni mtu asiyependa kupoteza muda hata usingizini, aliota yuko kazini.

Yuko uani anapima mteremko wa mwalo wake. Mwalo, kwa asiyeujua, ni mfereji wa mbao wa kuoshea mchanga wenye dhahabu. Unaulaza upande, unautandika kitambaa chenye manyoya, unamwaga mchanga na maji. Chepesi kinaondoka, kizito kinanasa. Huu wa Luhende aliuunda mwenyewe. Mbao zilikuwa mlango wa jikoni, chekeche lilikuwa debe alilolitoboa kwa msumari, na pima maji yake ilikuwa chupa ya soda iliyojazwa maji nusu. Chupa hiyo alijivunia kuliko redio.

Kilichokuwa kimebaki ni kitambaa tu, na hapo ndipo alipoharibu.

Mwanzoni mwa masika mkewe, Ngolo, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Hakufikisha jioni. Watu walikuja kutoa pole, na baadhi yao wakasema heri hakuzoeleka, tena alikuwa mwepesi mno, angekuwa mtu wa kuuguzwa tu. Luhende naye, kwa kukosa la kusema, akasema watapata mwingine. Kisha akashika nyundo, akaanza kuunda mwalo, na kutwa nzima kijiji cha Igwata kilisikia misumari yake.

Siku ilipofika zamu ya kitambaa, akakumbuka blanketi dogo lenye picha za bata, lile walilomnunulia mtoto. Akamwambia mkewe, "Lile la bata lina manyoya mazuri. Litashika."

Jamani, Luhende. Yeye alikuwa anazungumzia manyoya, basi. Ngolo alilitoa sandukuni, akamkabidhi, na tangu hapo analala ameelekea ukutani. Luhende hakuthubutu kulikata wala kulirudisha. Alilitundika kwenye msumari, akawa anapita mbali nalo.

Sasa, ndotoni, ameiweka ile chupa juu ya ubao na anasubiri maji yatulie.

"Mwalo uko sawa," ikasema chupa. "Nyumba ndiyo imelala upande."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Luhende hakubisha, maana chupa haikuwahi kumdanganya. Akaingia ndani kukagua.

Kweli, nyumba imekuwa mwalo. Kitanda kiko juu, mlango wa mbele uko chini kabisa, na sakafu nzima imepigiliwa vipande vya mbao kwa mkono anaoutambua kuwa ni wake. Limetandikwa blanketi la bata, limekuwa pana kutoka ukuta hadi ukuta. Ngolo amesimama kule juu, kanga ameikaza kiunoni, anasubiri.

Bata mmoja ananyanyua kichwa kutoka kwenye blanketi. "Masharti unayajua?"

"Chepesi kinaondoka, kizito kinabaki."

"Basi fungulia maji."

"Bomba liko wapi?"

"Usijali, yameshafunguliwa," anasema bata, anainamisha kichwa chake.

Maji yanakuja. Redio inaondoka kwanza, ikiwa katikati ya taarifa ya habari. Inafuata baiskeli, inafuata meza, halafu inapita nyundo, inaelea kama kijiti.

"Nyundo ni chuma!" Luhende analalamika.

"Ilikuwa," anajibu bata.

Anapita Mzee Bugumba, balozi wao wa nyumba kumi, ameketi kwenye kiti chake cha uvivu, na kiti kinaelea vizuri tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Habari za hapa?"

"Nzuri, mzee. Maji tu."

"Naona," anasema Mzee Bugumba, anatokea mlangoni, anateremka na mtaa.

Nyuma yake yanapita maneno yale ya msibani. Heri hakuzoeleka. Alikuwa mwepesi mno. Yanaelea kama maganda ya karanga, na Luhende anayasindikiza kwa macho na kuona raha. Kisha yanakuja mengine, kwa sauti yake mwenyewe: tutapata mwingine. Hayo ni mepesi kuliko yote, hata maji hayayagusi. Luhende anaona haya, anatazama dari.

Hapo ndipo anapohisi miguu yake inaachana na sakafu.

"Mbona na mimi?" anauliza.

"Hujabeba kitu," anasema bata.

"Mimi ndiye ninayeilisha nyumba hii!"

"Hatujauliza habari za ugali."

Maji yanamvuta. Anashika mguu wa kitanda, nao unaondoka naye. Anashika ukuta, ukuta unamwomba radhi na kumpisha. Anamtazama mkewe. Maji yanampiga Ngolo magotini na yeye hata hatikisiki, amesimama pale kama aliyejengewa. Mikononi ameshika pindo la blanketi, na katikati ya blanketi kuna kitu kimenasa, kidogo, kimelala kwenye manyoya.

Kila aliyewahi kufanya kazi mwaloni anajua kwamba blanketi likishanasa halinyanyuliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mnalibeba kwa pamoja ili kilichomo kisimwagike. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Pindo lilikuwa linapigwapigwa na maji.

"Luhende," anasema Ngolo. Hajamwita jina lake tangu siku ile ya manyoya. "Shika."

Analidaka pindo wakati miguu yake imeshafika mlangoni.

Uzito unamshukia wote kwa mpigo. Nyayo zinakita sakafuni, mabega yanalia. Hajawahi kubeba kitu kama hiki, wala kiroba cha mawe, wala pipa la maji. Na mkewe amekuwa akikibeba peke yake, huku anapika, huku anateka maji, huku anaitikia salamu za watu.

"Kumbe ni mzito hivi," anasema Luhende.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapigilia misumari."

Wanatoka na blanketi lao. Nje si uani tena. Ni kwenye kibanda cha kupimia dhahabu, chenye dirisha la nondo, na bata yuleyule amekaa ndani na mzani mdogo, ule wa kupimia kwa njiti za kiberiti.

"Mzigo wa nani?"

"Wetu," anasema Ngolo.

"Jina lake?"

Hakupewa jina, hapakuwa na nafasi. Luhende anatazama vidole vyake vya miguu. Kumbe jina analo. Alikuwa nalo tangu tumbo la mkewe lilipoanza kuonekana, jina la mama yake mzazi, akilitunza ili alitoe siku ya furaha. Siku ile haikuja, naye akalimeza.

"Milembe," anasema.

Ngolo anamgeukia. "Na hilo hukuniambia."

"Na hilo sikukuambia."

Bata anamlaza Milembe kwenye sahani moja ya mzani, polepole, kwa bawa. Kwenye sahani ya pili anaweka njiti ya kiberiti. Mzani hautikisiki. Anaweka kiberiti kizima. Anaweka ile nyundo, ambayo imerudi ikiwa imelowa na kunywea. Anaweka baiskeli.

"Samahani, mzee," anamwambia balozi, aliyekuwa anapita.

"Bila shaka," anasema Mzee Bugumba, anapanda na kiti chake.

Mzani hautikisiki. Upande wa Milembe umegusa meza na hauna dalili ya kuinuka.

Bata anauinamia mzani. "Nani aliwaambia alikuwa mwepesi?"

"Watu," anasema Luhende.

"Walimpima kwa kitu gani?"

"Kwa macho."

Bata anatikisa kichwa, anamrudisha mtoto kwenye blanketi, anamfunika vizuri na ncha. "Mimi sina jiwe la kumpimia huyu. Nendeni naye nyumbani. Ila kamueni kwanza, blanketi limelowa, mtachoka njiani."

Sijui ni blanketi gani linalokamuliwa na mtoto akabaki amelala salama katikati, lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeuliza. Ngolo anasokota huku, Luhende anasokota kule. Maji yanatoka. Yanatoka tena. Yanajaza viatu vya Luhende, yanashika njia, yanateremka bondeni, na blanketi bado limejaa. Luhende anagundua kwamba analia, analia kwa sauti kama mtoto, mbele ya balozi, na haoni aibu.

"Mikono inateleza," anasema Ngolo.

"Kaza tu, nipo."

"Usiachie upande wako."

"Siachii."

Na kwa kukaza, akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya nyumba. Ngolo hakuwa ameelekea ukutani. Alikuwa amelala chali, amenyanyua mikono yote miwili mbele ya uso, anaichunguza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe na zimekunjamana, kama za mtu aliyeshinda kwenye beseni la nguo.

Luhende akatoa mikono yake chini ya shuka. Ilikuwa hivyohivyo.

Wakaiweka sambamba, minne, wakaitazama.

"Nilidhani utaachia," akasema Ngolo.

"Sikuachia."

Ngolo akajisogeza, akaegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, na bega likamuuma Luhende lakini hakulitoa.

"Alikuwa mzito," akasema Ngolo.

"Sana, Mama Milembe," akasema Luhende. "Sana."