Viatu vya Nyuma vya Tangawizi

Filda Acan alipewa siku nne za kumvisha viatu farasi ambaye yeye mwenyewe hakutaka aondoke.

Farasi mwenyewe alikuwa jike, mwekundu wa udongo, jina lake Tangawizi. Alizaliwa mikononi mwa Odoch, mume wa Filda, katika banda la mabati nyuma ya chuo cha Kyambogo. Hapo Mama Blandine alikodi uwanja akawa anafundisha watoto kupanda farasi, na Filda na Odoch walikuwa watunzaji wake tangu mwaka walipooana. Kisha Odoch akaugua ini. Hakumaliza miezi mitatu. Ndugu zake wakaja na gari, wakamchukua, wakamzika kwao Kitgum. Filda akabaki Kampala bila mume, bila mtoto, bila hata kaburi la kufagia. Alichobaki nacho ni Tangawizi, ambaye bado alisimamisha masikio kila mpita njia alipopiga mluzi, kwa kuwa Odoch alikuwa akimwita kwa mluzi.

Sasa mwenye ardhi alitaka uwanja wake ajenge hosteli za wanafunzi. Mama Blandine, mjane Mkongo wa Bunia aliyekwisha kukimbia nyumba mbili maishani, hakulia. Alianza kuwatafutia farasi wake pa kwenda, mmoja mmoja. Wa kumchukua Tangawizi alipatikana Jinja, bwana aitwaye Onen, mwenye shamba karibu na mto, aliyetaka farasi mpole wa kubeba watoto wenye ulemavu. Tatizo lilikuwa kwato za nyuma. Ukuta wa kwato hizo, ule ukingo mgumu wa kupigiliwa misumari, ulikuwa mwembamba, umepasukapasuka, misumari ya viatu vya chuma haikushika tena, na njia za shamba la Onen zilikuwa changarawe tupu. Angekuja Jumamosi. Wakimpatia viatu vya raba vya kumfaa, na akatembea vizuri juu ya mawe, angemchukua.

"Na asipotembea vizuri?" Filda aliuliza.

"Atabaki hapa mpaka nipate mtu mwingine," alisema Mama Blandine. "Sina namna, Filda."

Katika maneno yote hayo Filda alilishika moja tu: atabaki.

Jumanne basi la Nairobi likaleta boksi lenye jozi tatu, namba moja, mbili na tatu. Siku iliyofuata Mzee Marjan akaja kutoka Kawempe. Marjan alikuwa Mnubi, kazi ya kwato aliirithi kwa baba yake. Alikimbilia nayo Sudani na kurudi nayo baada ya vita vya themanini na sita, tupa yake ya kusugulia kwato ikiwa ndani ya gunia la nguo. Mwaka uliopita kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia. Hakuweza tena kushika nyundo.

"Mimi nitakuwa macho," alimwambia Filda, akivuta kigoda. "Wewe utakuwa mikono. Punguza kwanza. Ukipima kwato ndefu, unachagua kiatu cha kwato ambayo kesho haipo."

Filda akauinua mguu wa nyuma, akaulaza juu ya paja, akapitisha tupa mpaka ukingo ukakaa sawa. Tangawizi akashusha pumzi ndefu na kumwachia uzito wake, kama alivyozoea kumfanyia Odoch.

"Pima upana. Pale panapotanuka zaidi."

"Milimita mia na kumi na tano, Mzee."

"Urefu, toka ncha mpaka mwisho wa kisigino. Nyama usiihesabu."

"Mia na ishirini na tano."

"Umeona? Kwato ya mbele ni mviringo kama sahani. Ya nyuma ni yai. Na farasi hujisukuma kwa miguu ya nyuma, kwa hiyo kiatu kikilegea huko, kinazunguka, halafu kinamla ngozi."

Namba moja ilikataa kuingia hata ilipogongwa na nyundo ya mpira. Namba tatu iliingia kama ndala. Namba mbili ilitaka kuzungushwa kidogo, kugongwa mara mbili, ndipo ikakaa. Marjan akaishika kwa mkono wake mzima, akajaribu kuinyonga. Kiatu na mguu vikaenda pamoja.

"Hiki ndicho," alisema. "Kidole hakiingii kisiginoni, na hakizunguki. Jumamosi sitakuwapo, tuna msiba Bombo. Lakini sina wasiwasi, binti yangu. Mikono yako imekwishajua."

Ijumaa asubuhi Filda alimvisha namba mbili, akamtoa peke yake kwenye changarawe ya lango. Kwa miezi Tangawizi alikuwa akitembea pale kama mtu aliyekanyaga makaa. Siku hiyo alisita hatua mbili, akanusa, kisha akatembea, shingo imelegea, mkia unapepea. Alipofika mwisho aligeuka mwenyewe akataka kurudi tena. Filda akamshika shingoni na kulia mpaka manyoya yakalowa. Farasi huyu angeenda. Hakukuwa na shaka yoyote kwamba angeenda.

Jumamosi akafungua boksi na kutoa namba tatu.

Hakujiambia kwamba anafanya ubaya. Alijiambia ni kwa siku moja, kwa dakika chache. Alikata vipande vya blanketi akavijaza mbele ya kiatu ili kionekane kimebana, akakaza mikanda, akafuta vumbi. Kwa macho tu, vilikuwa viatu vizuri kabisa.

Onen alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti. Alimsalimia farasi kabla ya watu. Filda akamwongoza Tangawizi juu ya changarawe. Hatua kumi, ishirini, kisha kiatu cha kushoto kikaanza kuzunguka, farasi akajikwaa.

"Ndiyo hivyo, bwana," Filda alisema haraka. "Havimfai."

Alidhani yamekwisha. Lakini Onen aliinama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mnyama huyu nimempenda. Labda ni ugeni wa viatu tu. Dada, mzungushe mpaka barabarani na kurudi, mara mbili hivi. Tumpe nafasi."

Filda akamtazama Mama Blandine. Mama Blandine akaitikia kwa kichwa. Angesema nini? Kusema basi, inatosha, kulimaanisha kusema kwa nini. Akashika kamba, akaenda. Alitembea polepole, akisikia nyuma yake kiatu kikiburuza, kikigonga, kikiburuza. Tangawizi hakugoma. Alimfuata alikomwongoza, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kupelekwa pabaya na mtu wa nyumba ile. Waliporudi mara ya pili damu ilikuwa inachuruzika juu ya kisigino.

Onen akaomba radhi kwa wote, akaondoka na gari tupu.

Filda aliuosha mguu kwa maji ya chumvi, akaufunga. Jeraha halikuzidi kidole gumba. Jumapili alimchana Tangawizi manyoya, akaimba huku akifagia banda, akaona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo.

Jumatano mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini. Daktari wa mifugo akaja, akadunga, akarudi kesho yake, akadunga tena. Siku ya tatu aliuondoa mkono wake taratibu pale alipokuwa anapapasa na kumwita Mama Blandine pembeni, lakini Filda alisikia. Usaha ulikuwa umeingia ndani ya kiungo. Farasi hatasimama tena bila maumivu. Kilichobaki ni sindano moja tu, ya kumpumzisha.

Jumamosi hiyo Marjan akafika mapema. Viatu vilikuwa bado vimetundikwa ukutani, manyoya na damu kavu vimegandia ukingoni. Mzee akavitazama, akashusha kimoja, akapitisha kidole gumba juu ya namba iliyochongwa chini.

"Hiki sicho nilichopima."

"Najua, Mzee."

"Nani aliyekivisha?"

"Mimi."

Marjan akakaa kwenye kigoda, kiatu mapajani. Filda alisubiri matusi. Angeyapokea kwa shukrani.

"Nilitaka abaki," alisema. "Nilitaka abaki tu, Baba."

Mzee akakigeuza kiatu mapajani.

"Jinja ni mwendo wa saa mbili na nusu," alisema mwishowe. "Ungepanda basi, binti yangu. Ungepanda basi ukamwone."

Filda ndiye aliyeshika kichwa cha farasi daktari alipofanya kazi yake. Alijaribu kupiga mluzi wa Odoch, midomo ikakataa. Masikio ya Tangawizi yalisimama hata hivyo, kwa pumzi ile tu, kisha yakalala.

Jioni ile simu ya Mama Blandine ikalia. Alikuwa Onen. Habari zilikuwa zimemfikia, na sauti yake ilisikika mpaka upande wa pili wa meza: kosa ni lake, alisema, yeye ndiye aliyelazimisha farasi azungushwe mara mbili, tangu asubuhi hajala. Mama Blandine alikuwa anamfariji, macho mekundu. Filda akanyoosha mkono.

"Nipe niongee naye, Mama."

Alieleza yote akiwa amesimama: namba mbili, namba tatu, vipande vya blanketi. Alieleza mpaka mwisho, na Mama Blandine akasikia pamoja na Onen. Kisha Onen akasema, "Asante kwa kuniambia," na simu ikakatika.

Mama Blandine hakumfukuza. Labda ingekuwa nafuu. Alikunja mikono juu ya meza, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuniambia kama unampenda hivyo?" Wote wawili walikuwa wamefiwa na waume, wameishi uwanja mmoja miaka mingi, na Filda hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kusema.

Walibaki farasi wawili, na walikuwa hawajala. Filda akachukua ndoo, akatoka kwenda kuwapa pumba.