Sega la Nyapara

Muasya hakuwa mtu wa kusema uongo, na hilo ndilo lililotaka kumfunga.

Shtaka lenyewe lilikuwa jepesi kusomeka. Alikutwa jioni katika shamba la mkonge, mashariki ya Thika, akiwa na debe la asali, mali ya shamba, na asali hiyo ameiiba. Askari wa kituo alimsomea, akamwuliza kama amesikia, akamrudishia kofia yake. Shemeji yake akamdhamini. Kesi ingeitwa wiki iliyofuata, na Muasya alikwisha kata shauri: atasimama mbele ya hakimu aseme ni kweli. Asali si aliichukua? Basi akane vipi? Njia ya mwongo ni fupi, na Muasya hakutaka kuikanyaga.

Mkewe, Syombua, ndiye aliyegoma. Alimwambia kwamba akikubali wizi watatolewa kwenye nyumba ya shamba wote na watoto wao, na hilo bado ni dogo. Kubwa ni jina. Kwa Wakamba mwizi wa mbuzi huzeeka watu wakasahau, lakini mwizi wa mizinga ya nyuki, hata wajukuu wake husemwa harusini. Na mzinga ule ulikuwa wa Kiilu, baba yake Muasya, aliyeutundika juu ya mgunga karibu na mto kabla mkonge haujaja. Mtu ashtakiwe kwa kuiba mali ya baba yake marehemu, naye aitikie tu ndiyo? Syombua alilia, akanyamaza, akamfungia viazi vitamu, akamwambia apande gari la moshi aende Ruiru kwa Zacharia.

Zacharia alikuwa mkalimani wa mahakama ya Thika kwa miaka mingi, mpaka serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari na Wakikuyu wengi kama yeye wakapoteza kazi bila kuulizwa neno. Sasa alikaa Gatongora, nje kidogo ya Ruiru, ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, na hakuweza kufika Thika bila pasi, ambayo hakupewa. Walijuana na Muasya kwa ajili ya asali. Harusi za huko hazikuwa harusi bila pombe ya muratina, na Zacharia aliapa kwamba muratina isiyo na asali ya Mkamba ni maji ya kuoshea miguu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akicheka palipochekesha. Kisha akamwuliza, nyapara wa shamba alipomkuta pale chini ya mti, Muasya alifanya nini?

"Nilimkatia sega," Muasya akasema. "Nikalifunga kwa jani, nikampa."

Zacharia akaacha kucheka.

Hapa mtu asiyejua nyuki atafikiri kama alivyofikiri askari. Lakini watu wa mizinga wana desturi yao. Mzinga ni wa aliyeutundika, hata mti uwe wa nani. Ila yule anayelinda ardhi iliyo chini ya mti hakosi fungu lake. Na asali hurinwa giza likianza kuingia, kwa sababu nyuki wa mchana hana adabu. Kwa hiyo Muasya alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, na kila alichokifanya sawasawa kilifanana na wizi: jioni, peke yake, na kitu cha kumziba nyapara mdomo. Wahenga walituambia tufuate nyuki tule asali. Ya polisi hawakutuambia.

"Atiriri, sikiliza, kijana wangu," Zacharia akasema. "Hawakuulizi kama ulichukua. Wanakuuliza kama uliiba. Kuiba ni kuchukua kitu na moyoni unajua si chako. Wewe moyoni ulijua ni cha nani?"

"Cha baba, na baba aliniachia."

"Basi ukisema 'ni kweli niliiba,' hapo ndipo utakuwa umedanganya mahakama."

Muasya akayarudia maneno hayo polepole. Ilikuwa kama mtu ameondolewa mwiba ambao alikwisha zoea kuchechemea nao. Zacharia akaendelea kumfundisha: kwamba kazi ya kuthibitisha ni ya mwenye kushtaki, si yake, kwamba kila shahidi akimaliza, yeye atapewa nafasi ya kuuliza, na asiitumie kugombana. Maswali yawe mafupi. Amwulize nyapara yale ambayo nyapara mwenyewe anayajua, hasa habari za sega.

Muasya akasema Absalom, huyo nyapara, atakana, maana anaogopa kupoteza kazi yake. Jioni ile meneja mpya alitokea juu ya farasi ghafla, akamkuta Absalom na sega mkononi, na hapo ndipo Absalom alipopiga kelele za mwizi.

"Pengine atakana," mzee akakubali. "Hapo mimi siwezi kukusaidia."

Siku ya kesi hakimu alikuwa na mafua. Muasya aliposomewa shtaka, akajibu kwamba asali aliichukua, lakini hakuiba, kwa kuwa mzinga ni wa baba yake. Karani akaandika kwamba amekana. Mashahidi walikuwa wamefika, kesi ikaanza palepale.

Absalom alisimama na koti lake la kanisani, akashika Biblia, akaeleza yote, na mwisho akasema alipewa sega ili anyamaze. Hasira ilimpanda Muasya. Watu hawa wawili walikuwa wameamkiana kila asubuhi kwa miaka. Akakumbuka maneno ya Zacharia, akaimeza.

Akauliza kama Absalom alipoanza unyapara aliukuta mzinga juu ya mti. Absalom akasema aliukuta. Akauliza kama amewahi kumwona bwana yeyote wa shamba akipanda kurina. Watu wakacheka, na Absalom akasema hapana.

"Mwaka jana niliporina, nilikupa sega?"

Absalom akamtazama meneja, aliyekuwa ameketi nyuma na kofia magotini. Muasya akaona jinsi anavyomwogopa bwana huyo, na ile hasira ikamtoka, akamhurumia. Nyumba ya Absalom nayo ilijaa watoto.

"Ulinipa," Absalom akasema kwa sauti ndogo. "Na mwaka juzi ulinipa."

"Ulijua ni asali ya wizi?"

"Hapana. Nilijua ni fungu langu."

Inspekta wa mashtaka akaruka kumwuliza mbona basi aliita mwizi. Absalom akajibu kwamba aliogopa, kwa sababu bwana alimkuta na sega mkononi.

Hakimu aliandika, akapenga kamasi, akaandika tena. Akasema kwamba mambo ya miti na ya ardhi hayako mbele yake; lililo mbele yake ni wizi, na mtu huyu aliamini kwa moyo safi kwamba anachukua chake. Akamwachilia, na debe lake akaamuru arudishiwe.

Nje, meneja alimpita Absalom akaingia kwenye gari lake bila kumwambia panda, naye ndiye aliyemleta asubuhi. Kila mtu alielewa maana yake: unyapara umekwisha. Absalom alibaki peke yake karibu na ua, koti mkononi.

Syombua alitaka waende zao. Alisema aliyetupa jiwe ajue litakapoangukia, na pengine alikuwa na haki. Muasya alichuma jani pana la mbarika uani, akalifungua debe, akachagua sega lililojaa, akalifunga. Akavuka uwanja mbele ya askari, mbele ya inspekta, mbele ya meneja ambaye gari lake lilikuwa bado halijawaka.

"Fungu lako," akasema.

Absalom akalipokea kwa mikono miwili, akalila palepale, wote wakimwona.